Wagonjwa wa Akili na Dhamana ya Sheikh: Kutoka Bimaristani hadi Mirembe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, makala hii tunaianza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani asiyekiri kosa lake hana haki ya kuwanasihi wenzake.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya Swala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, alitufuata msikitini akiwa na kijana wake. Kijana huyo tulimsomesha sisi wenyewe, na alikwishahifadhi juzuu kadhaa. Mama akaeleza kuwa mwanawe ana wiki ya tatu hapati usingizi, anazungumza peke yake, na chakula cha nyumbani hakigusi kwa kuwa anaamini kimetiwa kitu. Tukamsomea. Usiku ule alitulia kidogo, nasi tukadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Kwa muda wa miezi minne tuliendelea na kisomo na kombe, kombe na kisomo. Mama akauza mbuzi wake ili amlipe mtu mwingine wa mbali aliyedai kuwa anatoa majini, na huko kijana alirudi na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono.

Katika muda huo, muuguzi mmoja anayeswali nasi alitusogelea kwa adabu akauliza, "Sheikh, samahani, kijana yule amekwishafikishwa Mirembe?" Tulimjibu kwa ukali kuwa mtoto wa watu si kichaa. Akanyamaza. Lakini mama alikuwa amesikia, na wiki ile ile akaenda na muuguzi huyo hospitali. Kijana akapokelewa, akapimwa, akapewa dawa. Baada ya wiki chache alikuwa anakula na kulala, na Ramadhani iliyofuata alisimama nasi safu ya kwanza. Mama alikuja kutushukuru kwa zile dua, kisha akasema bila hasira yoyote, "Sheikh wetu, laiti mngeniambia siku ile ya kwanza."

Neno hilo ndilo lililoturudisha vitabuni. Na tulichokikuta huko ni kwamba siku ile tulipomkatalia muuguzi, tulikuwa pia tumewakhalifu maulamaa wetu wenyewe.

AKILI NA MGONJWA WAKE KATIKA SHARIA

Maulamaa wa usuli wamekubaliana kuwa miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia ni kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Kwa ajili ya kuilinda akili umeharamishwa ulevi. Basi vipi akili hiyo hiyo ikipatwa na maradhi iachwe bila ya kutibiwa?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrejee. Abu Daud amepokea pia kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kisa cha mwanamke mgonjwa wa akili aliyeletwa mbele ya Sayyidna Umar (R.A.) kwa kosa la zinaa. Umar akashauriana na watu, na ikaamriwa ahukumiwe. Sayyidna Ali (R.A.) akawapitia, akamjua mwanamke yule kuwa ni mwendawazimu wa ukoo fulani, akaamuru arudishwe na akamkumbusha Umar hadithi ya kalamu. Umar akamwachia huku akipiga takbira. Tazama, ndugu msomaji: Khalifa mzima alikubali kusahihishwa mbele ya watu kwa ajili ya haki ya mgonjwa mmoja asiyeweza kujitetea. Nasi tulishindwa kumsikiliza muuguzi mmoja.

Juu ya msingi huu mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi walijenga hukumu nyingi. Mwendawazimu hawajibiki kuswali wala kufunga, na akipona halipi swala zilizompita wakati akili haipo. Mali yake haiachwi iliwe na jamaa. Anawekewa walii wa kuilinda, na walii huyo huitolea zaka. Hukumu hizi zinatuonesha kuwa mbele ya Sharia mgonjwa wa akili ni mtu kamili mwenye heshima na mali yake. Hakuna mlango katika fiqhi unaoruhusu apigwe, anyimwe chakula au afungwe kamba mtini.

ALIVYOWATENDEA MTUME (S.A.W.)

Katika Sahihi Muslim, Anas (R.A.) amesimulia kuhusu mwanamke mmoja wa Madina ambaye akilini mwake mlikuwa na kitu. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akasema kuwa ana haja naye. Mtume (S.A.W.) akamwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote anayoitaka ya mji ili amtimizie haja yake. Kisha akakaa naye kando ya njia mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo.

Tunaomba imamu anayesoma makala hii alitafakari jambo hili. Mtume wa Allah, mwenye mzigo wa umma mzima, alisimama njiani na mtu ambaye wengine humkimbia au humcheka. Hakumkatisha maneno. Hakumwambia kuwa imani yake ni dhaifu. Alimpa muda, alimpa sikio, na alimpa heshima ya kuchagua mahali. Wataalamu wa leo husema kuwa kumsikiliza mgonjwa bila kumhukumu ni mwanzo wa tiba. Sunna hiyo ilikuwa mikononi mwetu kwa karne 14.

Bukhari na Muslim wamepokea pia kisa cha mwanamke aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alilalamika kwa Mtume (S.A.W.) kuwa huanguka na nguo zikamfunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe aponywe. Akachagua subira, lakini akaomba aombewe asifunuke, naye Mtume (S.A.W.) akamwombea. Basi hata alipochagua subira, sitara yake haikupuuzwa. Na sisi je, mara ngapi tumewasomea wagonjwa mbele ya umati wenye simu mkononi, picha zao zikaenea mji mzima?

HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Kosa jingine linalosikika mimbarini ni kumwambia mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondoka mtu, kuwa angekuwa na imani asingehuzunika. Aliyesema hivyo asome tena Suratu Yusuf, aya ya 84. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka wa kumi wa utume, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Naye, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.), alikuwa akikithirisha kujikinga kwa Allah na wasiwasi wa moyo pamoja na huzuni. Mtu hajikingi na kitu ambacho hakiwezi kumpata.

Wala masheikh hawakusalimika. Mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, Imam Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, akisomesha mamia ya wanafunzi. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake al-Munqidh kuwa kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku ndani ya nafsi yake, mpaka ulimi ukafungika asiweze kusomesha hata neno moja. Huzuni ikaingia moyoni, chakula na maji vikawa havipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko likaingia mwilini, na kwamba haliwezi kutibika mpaka moyo upate faraja. Akaiacha Baghdad pamoja na cheo chake, akaenda Sham, na miaka mingi baadaye, mwaka 499 Hijria, akarejea kusomesha huko Nishapur.

Tunayataja haya kwa sababu tunawajua maimamu wanaobeba vifo, talaka na madeni ya mtaa mzima, na wao wenyewe hawana wa kumwambia. Ikiwa Hujjatul Islam alizidiwa na hakuona aibu kuiandika habari yake, imamu wa Chang'ombe naye anayo ruhusa ya kusema kuwa amechoka na anahitaji msaada.

ELIMU YA NAFSI ILIKUWA YETU

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.) kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo watafute dawa, naye akawaamuru watafute, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuna katika hadithi hii neno linalotoa maradhi ya akili nje ya amri hiyo. Na Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu maarufu wa kabila la Thaqif. Hakusema kuwa dua yake inatosha na tabibu hahitajiki, ingawa dua ya nani ingetosha zaidi ya hiyo?

Bi Aisha (R.A.) naye alikuwa akiagiza talbina, uji mwepesi wa shayiri, apewe mgonjwa na aliyefiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Mwili na moyo havikutenganishwa.

Aliyeipanua elimu hii ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934). Katika kitabu chake kuhusu maslaha ya miili na nafsi, aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi, ilhali mtu ameundwa kwa vyote viwili. Akayapanga maradhi ya nafsi katika mafungu manne: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Akaigawa huzuni sehemu mbili. Ipo inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali. Na ipo ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi, nayo akaihusisha na hali ya mwili na damu, akataka itibiwe kwa njia ya mwili. Akasema pia kuwa nafsi ina msaada wa aina mbili: wa ndani, nao ni fikra njema ambazo mtu hujiwekea akiba wakati wa raha kama anavyoweka dawa nyumbani, na wa nje, nao ni mtu mwenye hekima wa kumnasihi. Na mwenye wasiwasi akamuonya asijifungie peke yake.

Kuhusu wasiwasi wa ibada, yule anayerudia udhu mara kumi na takbira mara ishirini, maulamaa waliutungia vitabu. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ana risala mashuhuri ya kuwakemea wenye wasiwasi huo na kuwataka wasiufuate. Lakini mwanafunzi ambaye amenasihiwa na bado anashindwa kuacha, akalia kwa taabu hiyo, huyo ni mgonjwa, na kumkemea zaidi ni kumwongezea maradhi.

BIMARISTANI: WAKFU KWA WALIOPOTEWA NA AKILI

Waislamu hawakuishia kwenye vitabu. Wanahistoria wanataja kuwa Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, mwaka 88 Hijria (707), alianzisha mjini Damascus mahali pa kuwatunza wagonjwa. Baada yake zikaenea bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba ya wagonjwa. Nuruddin Zangi alijenga ya kwake Damascus mwaka 549 Hijria (1154). Sultani Qalawun alijenga al-Mansuri mjini Cairo mwaka 683 Hijria (1284), akaiwekea wakfu mkubwa ili apokelewe tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Mjini Aleppo, Amiri Arghun al-Kamili alijenga mwaka 755 Hijria (1354) bimaristani ambayo jengo lake lina vyumba vya wagonjwa wa akili vinavyozunguka viwanja vyenye birika za maji. Na Edirne, Sultani Bayezid wa Pili alijenga mwaka 1488 hospitali ambayo msafiri Evliya Çelebi aliielezea baadaye, akataja jinsi wagonjwa wa akili walivyotulizwa kwa sauti, maji na maua.

Tusiseme uongo katika kuwasifu waliotangulia. Ibn Jubayr, aliyefika Damascus mwaka 580 Hijria (1184), ameandika kuwa aliwaona wagonjwa wa akili wakitibiwa huku wamefungwa minyororo. Wao walikosa njia nyingine ya kumzuia mgonjwa asijidhuru au kuwadhuru wenzake. Dawa za kutuliza maradhi haya zilianza kutumika Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wao wana udhuru. Anayefunga kamba leo, na dawa ipo, hana.

La kuzingatia zaidi ni kuwa mali iliyojenga bimaristani ilikuwa ni wakfu, yaani sadaka ya Waislamu. Waliona thawabu kumlisha na kumtibu mgonjwa wa akili kama walivyoona thawabu kujenga msikiti. Leo tunachangisha minara na mazulia. Ni mara ngapi tumechangisha nauli na dawa za mgonjwa mmoja wa akili wa mtaani?

HAPA KWETU: LUTINDI, MIREMBE NA HOMBOLO

Katika nchi yetu, hospitali ya mwanzo ya wagonjwa wa akili ilikuwa Lutindi, milima ya Usambara, iliyoendeshwa na wamisionari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza walipotawala, wakajenga Mirembe hapa Dodoma katika miaka ya 1920. Kenya walikuwa na Mathari, Nairobi, tangu 1910. Uganda wana Butabika, Kampala. Na ndugu zetu wa Zanzibar wana Kidongo Chekundu.

Nyumba hizi za kikoloni zilianza zaidi kama mahali pa kumtenga mtu na jamii kuliko kumponya, na hofu ya wazee wetu juu yake ina chanzo chake. Kwa miongo mingi Mirembe ilipokea wagonjwa kutoka pembe zote za nchi, na ndani ya taasisi hiyo ipo Isanga, inayopokea wagonjwa wanaofikishwa kwa amri ya mahakama. Kwa sababu hiyo jina likageuka kuwa tusi. Watoto wa Dodoma wakigombana huambiana kuwa fulani ametoroka Mirembe. Ajabu ni kwamba katika Kiganda neno mirembe lina maana ya amani. Sisi tumelifanya la kutisha, na kwa kulitisha tumewafungia watu mlango wa tiba. Jibu letu kwa yule muuguzi lilitoka katika hofu hiyo hiyo.

Baadaye fikra ilibadilika. Katika nchi ya Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 huko Aro utaratibu wa wagonjwa kuishi vijijini na ndugu zao huku wakitibiwa. Tanzania nayo ikaanzisha vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, na Hombolo, hapa hapa Dodoma, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo: mgonjwa analima, anatumia dawa, na anakaa kama mtu miongoni mwa watu. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili. Na huduma hizi leo hazipo Mirembe peke yake. Hospitali za mikoa hupokea wagonjwa hawa, na wengi wao hutibiwa wakitokea nyumbani bila kulazwa.

KISOMO NA HOSPITALI

Huenda msomaji akauliza: je, mnakanusha ruqya na majini? Hapana. Ruqya imethibiti, na Mtume (S.A.W.) ameiruhusu maadamu haina shirki. Maulamaa, kama alivyonakili Ibn Hajar, wameiwekea masharti matatu: iwe kwa maneno ya Allah au majina na sifa zake, iwe kwa lugha inayofahamika, na mtu aitakidi kuwa haiponyi kwa nguvu zake bali kwa idhini ya Allah. Katika masharti hayo hamna kupiga, wala kufukiza mpaka mtu apaliwe, wala kumwambia mgonjwa aache dawa.

Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, amekigawa kifafa mafungu mawili: kinachotokana na roho mbaya, na kinachotokana na mchafuko wa mwili, akasema hili la pili ndilo matabibu wanalolizungumzia sababu zake na tiba yake. Basi hata mwanachuoni anayethibitisha athari ya majini hakuyafanya majini kuwa jibu la kila ugonjwa. Na sisi tunaosoma, kwa dalili ipi tunakata kauli kuwa huyu ana jini na si mgonjwa?

Hapa ndipo ilipo hatari yetu. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujifanya tabibu, na utabibu wake haukujulikana kabla, yeye ni mdhamini. Maana yake, kikimpata mgonjwa kitu kwa mkono wake, anawajibika. Mafakihi wamelijenga somo zima la dhamana ya tabibu juu ya hadithi hii. Sasa, sheikh anayemzuia mgonjwa asiende hospitali kwa miezi minne, ugonjwa ukakomaa, mama akafilisika, kijana akafungwa kamba, je, yumo au hayumo katika dhamana hiyo? Hatutoi fatwa juu ya wengine. Kwa upande wetu tumejiona tumo, na tumemwomba mama yule radhi.

Ukweli ni kuwa mgonjwa anamjia sheikh kabla ya kwenda popote. Sheikh ni mlango wa kwanza. Mlango kazi yake ni kupitisha. Ukizuia unakuwa ukuta.

YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza, akiletwa mtu asiyelala, anayesikia sauti, anayeogopa chakula, aliyejitenga na watu, au mzazi aliyejifungua karibuni akawa analia na kumkataa mtoto, tumsomee na siku hiyo hiyo tumwambie aende kituo cha afya au hospitali. Tusingoje kisomo kishindwe kwanza. Dua inaweza kumsindikiza mgonjwa njiani.

Pili, akisema kuwa amechoka kuishi au anatamani kufa, tusimkemee kwa adhabu ya Moto, wala tusimwache peke yake hata kidogo. Tumsikilize, tuondoe karibu naye anachoweza kujidhuru nacho, na tumsindikize hospitali saa ile ile. Na akifariki mtu kwa njia hiyo, tukumbuke kuwa jumhuri ya maulamaa, akiwemo Imam Shafi, wanaona anaswaliwa, kujizuia kwa Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Jabir bin Samura wamekufasiri kuwa ni kwa ajili ya kuwaonya walio hai. Tusiwavunje wafiwa mara ya pili.

Tatu, siri ya mgonjwa ni amana. Asitajwe kwenye darsa, asipigwe picha.

Nne, akipewa dawa, tumhimize asiiache kwa kuwa amejiona mzima. Wapo wanaopona kabisa, na wapo wanaohitaji dawa kwa muda mrefu kama mwenye sukari au presha. Ramadhani amuulize daktari wake kama saa za dawa zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Isipowezekana, ni mgonjwa aliyeruhusiwa kula. Ama sindano ya tiba isiyo ya lishe, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha mwaka 1997 mjini Jeddah, ilipitisha kuwa haifunguzi.

Tano, familia nayo ni mgonjwa wa pili. Mama anayekesha na mwanawe anahitaji mtu wa kumpokea walau usiku mmoja, sahani ya chakula, na nauli ya kliniki. Hilo ni jambo ambalo jamaa wa msikiti mmoja wanaliweza bila mfadhili.

Sita, tuwajue matabibu. Katika kila jamaa ya msikiti hapakosi muuguzi au daktari. Tumkaribishe azungumze baada ya Swala, naye ajue kuwa akituuliza swali hatutamjibu kwa ukali.

HITIMISHO

Kijana yule ameoa sasa, na jioni huwasaidia watoto wa madrasa kusahihisha makhraj. Bado anahudhuria kliniki, na bado anatuomba tumsomee, nasi humsomea. Hatukupoteza kitu kwa yeye kwenda hospitali. Kilichopotea ni ile miezi minne, na ile hairudi.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wa akili na wa mwili, awape subira wanaowauguza, na atusamehe sisi tulipowachelewesha. Na kila mwenye elimu kuliko sisi atusahihishe, kama Ali alivyomsahihisha Umar, Allah awaridhie wote wawili.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.